Alhamisi za Maman Consolée

Uvira, mtaa wa Nyamianda

Jumatatu, 2 Oktoba

Askofu alinikabidhi daftari hili kule Mpwapwa siku ya kuagwa. Aliniambia niandike kila siku mahali nilipotii na mahali nilipoasi, maana ugenini mtu hujisahau upesi. Nimetimiza wiki tatu Uvira na ndiyo kwanza nalifungua, kwa hiyo naanza na uasi.

Nimeletwa na kanisa kuwafundisha kina mama kusoma na kuandika hadi Krismasi. Nina wanafunzi kumi na mmoja, ubao mmoja, na bati linalopigiwa na mvua kila ninapofungua kinywa. Mwanafunzi wangu bora ni Nicole. Huja na binti yake Ishimwe, wa miaka tisa, ambaye humnong'oneza mama yake majibu. Najifanya sisikii.

Ninakaa kwa Maman Consolée, mjane Mkatoliki anayekaanga bitumbura, maandazi ya duara ya huku, na kuyauza mlangoni asubuhi. Ana binti mmoja tu, Laure, wa miaka kumi na tisa, anayejifunza kushona. Maman anakicheka Kiswahili changu. "Mwalimu Agnès, weye unaongeaka sawa radio." Nami nakicheka chao. Hapa mtu akienda kazini anasema "niko naenda kutumika", na kila mara natamani kumuuliza anatumika na nani.

Alhamisi, 5 Oktoba

Leo nimeona mtu akipigwa mpaka akaacha kulia.

Vijana wa maombi wa kanisani kwetu walimkuta na paneli ya sola ya kanisa ndani ya koti. Aliyeongoza ni Herménégilde, yule yule aliyenitengenezea kitasa cha mlango juzi akakataa hata chai. Alimpiga kwa ubao wa benchi. Pigo la kwanza lilitua begani. La pili lilitua kwenye kiwiko, na hilo nililisikia mimi niliyekuwa ng'ambo ya barabara. Watu walisogea ili waone vizuri. Nami nilisogea. Naandika hivyo kwa sababu niliambiwa niandike kweli.

Ndipo akatokea Mchungaji Libérat, na ndala miguuni, shati halijafungwa vifungo. Hakuhubiri. Alijilaza juu ya yule mwizi, na ubao uliokuwa umekwisha kunyanyuliwa ukamshukia yeye mgongoni. "Munipige minye basi," akasema, uso umo matopeni. "Munipige minye." Herménégilde akautupa ubao, akaketi chini, akalia kwa sauti.

Nimerudi nyumbani nimekwisha kuamua. Muda wote nitakaokuwa katika nchi hii, huyu ndiye nitakayemtii. Namshukuru Mungu kwa kunionyesha mapema.

Maman Consolée hakuwepo. Laure anasema kila Alhamisi mama yake ana safari yake. Hakusema ya wapi.

Ijumaa, 13 Oktoba

Mvua kutwa. Hakuja mtu darasani. Nimefua, hakijakauka kitu.

Jumanne, 17 Oktoba

Nilikosea nikanywa chai kwenye kikombe cha bati cha Maman. Alininyang'anya kwa nguvu hata chai ikaniunguza mkono. "Ile hapana, Mwalimu! Ile ni yangu minye peke!" Kisha akakiosha kwa maji ya moto mara mbili, akakificha nyuma ya gunia la makaa.

Nimeudhika. Kwetu mtu hamnyang'anyi mgeni kikombe. Na si hilo tu. Analala peke yake chumba cha mbele na dirisha wazi, hata mvua ikimwingilia kitandani. Nilimuuliza, akasema anapenda hewa. Amekonda. Kikohozi alichokuwa nacho nilipofika kimepungua, lakini macho yake hayatulii ninapomwangalia.

Alhamisi, 19 Oktoba

Leo nilimvizia mlangoni akitoka, nikamuuliza waziwazi, "Maman, unakwenda wapi kila wiki?"

Akatazama uani kama kuna mtu, akanishika mkono. "Niko naenda kwa muganga. Hapana ambia muntu, Mwalimu. Ata mumoja. Bakijua, nitakula nini?"

Mama mzima, rozari shingoni, anakwenda kwa mganga! Bibi yangu mzaa baba alikwenda kwa waganga mpaka akauza ng'ombe wote, nasi tukalala njaa. Nilimwombea Maman saa nzima, na katika maombi nilikuwa na hasira kuliko huruma.

Jumamosi, 21 Oktoba

Nimeingia bafuni baada yake. Alikuwa hajamwaga maji sawasawa. Pale chini palikuwa pekundu, rangi ya mawese. Si damu ya mwezi. Umri huo ameupita zamani. Nikamwagia ndoo mbili na bado nilikuwa nauona ule wekundu.

Sijamwambia mtu. Risasi zimesikika milimani mchana wote, lakini hapa watu huzisikiliza kama sisi tunavyosikiliza mbwa.

Jumapili, 29 Oktoba

Mchungaji amehubiri juu ya wafumu. Nimelijifunza neno hilo hapa: mfumu ni mpiga ramli, mtu wa hirizi na pembe, yule ambaye sisi kwetu tukisema mganga kila mtu ameelewa. Alisema kila nyumba inayokwenda kwa mfumu inafungua mlango ambao kupitia huo majirani wataingiliwa. Nilijiona kama nimesimamishwa mbele ya watu wote. Sikula mchana.

Alhamisi, 2 Novemba

Radi imepasua nguzo ya umeme karibu na darasa. Mbuzi wawili wamekufa. Kina mama waliruka madirishani, na Ishimwe akanikumbatia kiunoni akicheka kwa hofu. Watu wanaulizana ni nani anayeituma. Niliwaambia haitumwi na mtu, ni umeme wa mawingu. Wakaniangalia kwa heshima, jinsi mtu anavyoangaliwa anapozungumza juu ya kijiji chake cha mbali.

Maman hakuwepo. Ni Alhamisi.

Jumatatu, 6 Novemba

Mchungaji ametangaza siku saba za kufunga na kusafisha mtaa. Kila mshirika aandike kwenye karatasi jambo la giza analoliona, bila kuandika jina lake mwenyewe, aitie kwenye sanduku. Atakayeficha atashiriki dhambi.

Nilimfuata ofisini. Nikamwambia kuna jambo niliambiwa kwa siri. Alikuwa bado anaumwa mgongo, anakaa upande upande kwenye kiti.

"Mwalimu," akasema, "bakikutuma huku, balikuambia usikie nani?"

Hapa kusikia ndiko kutii. Nikajibu, "Nimtii Mungu, na nimtii aliyenipokea."

"Basi sikia."

Jumatano, 8 Novemba

Nimeandika. Niliichana karatasi mara mbili kwanza, kwa kuwa nilikuwa nimeandika "mganga", nikaona Kiswahili changu cha radio hakitawafikia. Nikaandika kwa neno la hapa ili nieleweke: Consolée wa bitumbura anakwenda kwa mfumu kila Alhamisi. Kikombe chake hakiguswi. Maji yake ni mekundu.

Baada ya kuitumbukiza nilipata amani kubwa. Nimelala vizuri mara ya kwanza tangu nifike. Kutii kunapendeza: mtu anatuliwa mzigo wa kuamua.

Jumamosi, 11 Novemba

Ishimwe amekufa.

Tulikuwa tumemaliza darasa la saa tisa. Mvua ilikuwa nyembamba, mtu hata hakuhitaji kukimbia. Mama yake alimtuma bombani na ndoo ya bati. Nilikuwa namwona kupitia dirishani, anapita kwenye mawe ya mfereji na ndoo kichwani, mikono ameiachia kama wanavyofanya wenye majivuno. Kukawa na mwanga. Sikusikia kelele, nadhani masikio yangu yalikataa. Nilipoona tena, ndoo ilikuwa imekunjamana kama karatasi na mtoto amelala ubavu, kiatu kimoja mbali naye.

Nicole alifika kabla yangu. Alimnyanyua, nywele zikambakia mkononi. Alimtikisa. Alimpiga makofi usoni, kwa nguvu, mara nyingi, akimwamrisha aamke, mpaka wanawake wanne wakamshika. Akamng'ata mmoja wao mkono mpaka damu ikatoka.

Mchungaji Libérat alimbeba mtoto mwenyewe hadi nyumbani. Njia nzima watu walikuwa wanaongezeka nyuma yake, nami nikasikia wanachosema. Walikuwa wanauliza jina.

Jumapili, 12 Novemba

Nitaandika kwa mpangilio, nisije nikajidanganya baadaye.

Tulimzika Ishimwe asubuhi. Tukarudi kanisani tumelowa. Nicole alikaa mbele, ameshika kile kiatu. Mchungaji akafungua sanduku na kuanza kusoma. Mmoja ana pombe ya siri. Mwingine anampiga mama yake. Watu waliguna tu. Kisha akaikunjua ya kwangu. Aliisoma kwa sauti ya chini, akairudia tena, na alipofika "maji mekundu" kanisa zima lilikuwa limesimama.

Hakusema waende. Wala hakusema wakae.

Ilikuwa saa saba mchana. Walimkuta Maman jikoni, amelowesha unga wa kesho. Laure alikuwa Makobola kwa shangazi yake. Kwa hilo namshukuru Mungu. Herménégilde alimtoa Maman kwa kitambaa cha kichwa mpaka uani. Sufuria ya mafuta ilipinduka, mafuta yakamchoma mguu, hakulia. Nilisimama nyuma ya watu, karibu na Mchungaji.

"Siku ya ine unaendaka wapi?" Herménégilde akamuuliza, akimaanisha Alhamisi.

"Kwa muganga."

Nikajisemea, haya, amekiri mwenyewe.

Lakini watu wakaangaliana, kelele ikapungua. "Muganga gani?" mtu akauliza. "Uko mugonjwa ya nini?"

Maman akainua macho. Mstari wa mbele wote walikuwa wateja wake. Kabla ya mfungo walikuwa wanakula bitumbura vyake kila asubuhi. Aliwaangalia mmoja mmoja. Akafunga kinywa.

Mchungaji akainama sikioni kwangu, akanong'ona kwa upole kabisa, "Mwalimu, iko nasema muganga. Weye unakaa naye. Ni muganga ao ni mufumu?"

Nikamjibu, kwa upole vilevile, "Ni kitu kimoja, Mchungaji."

Akainuka. Akainamisha kichwa kumwelekea Herménégilde, kidogo tu, kama mtu anayeitikia salamu.

Jiwe la kwanza lilirushwa na mwanamke wa benchi la nyuma darasani kwangu. Jumatano nilikuwa nimemshika mkono ule ule akaandika jina lake kwa mara ya kwanza. Jiwe lilimpata Maman kwenye taya. La pili sikuona limetoka wapi. Baada ya hapo hayakuwa mawe tena, ilikuwa ni mchi, miguu, kigoda chake mwenyewe cha kukaangia. Alijaribu kuingia chini ya meza ya bitumbura, wakamvuta kwa mguu ulioungua, ngozi ikabaki mkononi mwa aliyevuta. Aliita "Laure". Aliita "Mwalimu". Naam, aliniita.

Nilimngoja Mchungaji ajilaze juu yake. Niliapa moyoni kuwa sasa hivi atajilaza. Alikuwa amekunja mwavuli, anaukung'uta maji.

Mtu aliyewafukuza alikuja na pikipiki, amevaa koti jeupe. Aliwapitia katikati bila kupunguza mwendo, akamgonga Herménégilde, akawa anapiga kelele maneno ambayo sikuyaelewa kwa sababu mvua ilikuwa imeanza upya. Yeye na jirani mmoja walimfunga Maman katikati yao kwenye pikipiki, wakaondoka naye, miguu yake inaburuzika.

Mimi nikaingia ndani, nikajifungia kwa kile kitasa alichokitengeneza Herménégilde.

Jumatatu, 13 Novemba

Nimekwenda hospitali. Yule mwenye koti anaitwa Cyprien, ni muuguzi wa kituo cha afya cha upande wa sokoni, aliyekuwa ameitwa na jirani. Nilimuuliza, kwa sauti ya mtu mwenye haki bado, kama anajua mgonjwa wake alikuwa anakwenda kwa mganga.

Alinikazia macho. "Muganga? Minye njo muganga yake."

Yeye ndiye? Sikuelewa. Akatoa kadi mfukoni, imeloa damu pembeni. Alhamisi zote zimewekwa alama. Ugonjwa wa kifua, mwezi wa mwisho kati ya miezi sita. "Alibakiza majuma tatu tu," akasema. "Alikuwa anapona. Aliogopa bantu bakijua, hapana muntu atakula bitumbura yake tena."

Nikauliza habari ya maji mekundu. Akasema dawa ile humfanya kila mgonjwa akojoe vile, huwaambia siku ya kwanza kabisa wasiogope. Na kikombe? Na dirisha?

"Siku hizi hata haambukizi tena. Lakini alisema iko na mugeni ku nyumba, anataka kumuchunga mugeni vizuri."

Nilitoka nje, nikaketi kando ya maua ya hospitali. Mungu wangu. Hata kwetu daktari mkuu wa wilaya anaitwa Mganga Mkuu, jina lake limeandikwa kwenye kibao, nimepita mbele yake miaka yote. Nilijua. Ningefikiri dakika moja tu ningejua.

Jumanne, 14 Novemba

Laure amefika. Hajui nani aliandika. Amenikumbatia, akaniita dada, akanishukuru kwa kukaa na mama yake. Nikaacha anikumbatie.

Maman amepata fahamu kidogo jioni. Taya limevunjika, anaongea kwa pembe ya mdomo. Nilipiga magoti, nikataka kumwambia. Alinitangulia. "Mwalimu," akasema, "weye ulikunywa mu kikombe yangu. Enda bakupime."

Jumatano, 15 Novemba

Maman Consolée amefariki saa nne asubuhi. Sikumwambia.

Alhamisi, 16 Novemba

Alhamisi.

Ijumaa, 17 Novemba

Vijana waliziba njia ya makaburini kwa mawe. Walisema murozi, yaani mchawi, hazikwi na watu. Cyprien na majirani wanne wa Kikatoliki walipitisha jeneza mtoni, maji kiunoni, nasi tukirushiwa matope kutoka ukingoni. Padri alisali haraka haraka. Jiwe moja liligonga jeneza, Laure akaweka mkono mahali lilipogonga kama kwamba mama yake ameumia.

Tuliporudi, cherehani yake ilikuwa mferejini, gurudumu limevunjwa. Herménégilde, ambaye anachechemea tangu agongwe na pikipiki, alikuwa amekaa ukutani. "Ile kitu haikufaka na mama," akamwambia Laure bila kupaza sauti. "Inaingiaka mu mutoto. Siku ya Mungu, kisha ibada, tutakuya."

Watakuja Jumapili, basi. Laure hana pa kwenda. Shangazi wa Makobola ametuma ujumbe asimletee balaa.

Tumehamia kwa Cyprien na mkewe. Nimeomba. Hakuna anayenijibu, na sidhani kama ninastahili kujibiwa.

Jumamosi, 18 Novemba

Mchungaji Libérat alikuja mchana. Nilidhani nitamchukia, lakini amezeeka kwa siku sita. Alileta karatasi iliyopigwa chapa. Polisi wanauliza maswali. Kesho, wakati wa ushuhuda, nisimame kama mgeni na mwalimu, niseme niliishi nyumba ile na niliyaona matendo ya giza kwa macho yangu, na kwamba sasa nyumba imesafishwa.

"Na Laure?" nikamuuliza.

"Ukisoma vile, nitabaambia bamuache, akwende mbali na Uvira. Minye nitabaambia."

"Mchungaji, uliniuliza kama ni muganga au ni mfumu. Wewe ni mtu wa hapa. Ulijua tofauti."

Akafunika uso kwa viganja. "Weye ulisema ni kitu moja. Nilikuwa natafuta muntu wa kuniambia vile. Bantu balikuwa mingi, Mwalimu. Siku ile ya mwizi balikuwa kumi tu." Kisha akaniambia jambo nililoliamini kabisa: "Kama unasema ingine, bataniua minye, kisha batakuua weye. Sikia basi. Usikie."

Jioni Askofu alipiga simu. Amekwisha kuongea na Mchungaji. Sauti yake ilikuwa ile ile ya Mpwapwa, ya upendo. Kuna boti Jumanne kutoka Kalundu kwenda Kigoma. Nifanye ninachoambiwa na wenyeji, nirudi nyumbani, mengine tutayaombea. Nikamwambia, "Sawa, Baba Askofu." Kinywa changu kimezoea.

Nimekaa na karatasi ile mpaka mke wa Cyprien akaniita kula. Ni maneno ya uongo, yameandikwa vizuri, bila kosa hata moja la tahajia. Nikiyasoma nitakuwa mtiifu kwa kila mtu ninayemfahamu. Laure ataondoka akiwa binti wa mchawi, na jina hilo litamfuata kila mji, mpaka siku radi itakapopiga mahali alipo.

Jumapili, 19 Novemba

Naandika kwa mkono wa kushoto. Nitaandika kwa kifupi.

Kanisa lilijaa hadi nje. Nicole mbele. Herménégilde na wenzake wamesimama ukutani, dumu la petroli liko mlangoni, hawakulificha. Mchungaji akaniita. Nikaiacha karatasi kwenye kiti.

Nikasema: "Mimi ndiye niliyeandika juu ya Maman Consolée. Aliniambia anakwenda kwa muganga. Mimi ni mgeni, kwetu neno hilo lina maana nyingine, nikaandika mfumu. Nilikosea. Alikuwa anakwenda kwa Cyprien kuchukua dawa za kifua. Maji mekundu ni dawa. Kikombe alikitenga ili mimi nisiugue. Mchungaji aliniuliza mara ya pili, nikakosea mara ya pili. Hakuwa mchawi, na binti yake si mchawi. Mliua mama mgonjwa anayekaribia kupona, na mimi ndiye niliyewapa sababu."

Nikamwona Laure mlangoni, nyuma ya Cyprien. Nilikuwa nimemsihi asije. Uso wake ulikuwa unanielekea mimi tu.

Aliyeinuka ni Nicole. Alikuja polepole mpaka akanifikia, harufu ya kilio mdomoni. "Basi mutoto wangu aliuwawa na nani?"

Ningeweza kumpa jina la mtu yeyote. Ningeweza kusema shetani, ningeweza kusema mapenzi ya Mungu, na kanisa lingesema amina.

"Hakuna mtu, Nicole. Ni radi ya mvua."

Akanipiga ngumi ya kinywa. Meno mawili yalinitoka hapo hapo. Nilipoinama, wengine walifika. Mkono wa kulia umevunjwa kwa mguu wa kiti. Nilisikia, ni sauti ile ile ya siku ya mwizi. Nilipigwa na mikono niliyoifundisha silabi. Sikuomba niokolewe, nilikuwa nahesabu mapigo ili nisizimie.

Katikati ya hayo nilisikia sauti ya Mchungaji kwenye kipaza sauti. "Mwalimu iko nasema kweli. Nilijua. Nilijua ni muganga." Alirudia mara nyingi mpaka kikaanza kulia pii. Nilipoinua kichwa, watu walikuwa wameniacha wanamwelekea yeye. Herménégilde peke yake alibaki ukutani. Alikuwa ameliinua lile dumu, akatoka nalo nje, nikasikia anamwaga petroli yote mferejini.

Mchungaji yuko hai. Wamemtoa jicho.

Jumatatu, 20 Novemba

Mbele ya nyumba ya Cyprien wamepita watu asubuhi, wameona Laure anachota maji, hawakumrushia kitu. Mwanamke mmoja amemsalimia. Boti ya kesho sitaipanda; polisi wanataka maelezo yangu, na nitayatoa yote, jina langu likiwa la kwanza.

Laure hajanisemesha tangu jana. Alikuja saa sita na beseni la maji ya chumvi, akaketi kando ya mkeka. Nikaanza kusema. Akainua mkono, nikanyamaza.

"Sikusamehe," akasema. "Usiniombe. Sitakusamehe."

Akakamua kitambaa.

"Fungua kinywa."

Nikafungua.